HUZUNI SI DHAMBI, NA MGONJWA WA AKILI SI MHALIFU



Hapa Tunduru mtu akifiwa haachwi peke yake. Kabla jua halijatua majirani wamekwisha kufika. Mwislamu amekuja kwa Mkristo, na Mkristo amekwenda kwa Mwislamu. Akina mama wametandika mikeka uani, vijana wameteka maji na kupasua kuni, wazee wamekubaliana juu ya kaburi. Hakuna amwulizaye mfiwa kwa nini analia, wala hakuna amwambiaye kwamba machozi yake ni ushahidi wa imani haba. Watu huketi naye, hula naye, hulala naye, hata siku za matanga zitimie. Desturi hiyo ni njema, na Injili haikuja kuiondoa bali kuitimiliza.

Lakini upo msiba mwingine, usiokuwa na jeneza. Tumchukue mama mmoja. Hatumtaji jina, kwa maana hatusimulii habari za mtu fulani. Mama huyu yuko katika kila kigango. Alimzika mtoto, na matanga yakaisha kama desturi. Watu wakarudi mashambani. Yeye hakurudi. Mwezi wa tatu ukapita, na wa sita, naye usiku halali na mchana haamki. Mpunga wake ukazongwa na majani. Alikuwa mwimbaji, akaacha kuimba, kisha akaacha kuja Misa. Jumuiya ikamwendea. Mmoja akamwambia asali novena kwa imani zaidi. Wa pili akamwuliza kama hana dhambi asiyoiungama. Wa tatu, walipokwisha kutoka nje, akanong'ona kwamba yule ana kitu, heri apelekwe kwa mtu anayejua mambo hayo. Wakaondoka wakiamini kwamba wametimiza wajibu wao. Hakuna aliyemwuliza kama amekula.

Kijitabu hiki kinaandikwa dhidi ya maneno ya wale watatu. Tunasema wazi kwamba maneno hayo si imani ya Kanisa. Ni uongo uliovikwa kanzu, na uongo huo unaumiza watu, na pengine unaua. Tutautazama mmoja mmoja, na kila mmoja tutaupima kwa Maandiko, kwa mafundisho ya Kanisa, na kwa akili tuliyojaliwa na Mungu.

UONGO WA KWANZA: "MWENYE IMANI HAHUZUNIKI"

Wanaosema hivyo hupenda kumtaja Mtume Paulo, aliyewaandikia Wathesalonike kuhusu huzuni ya wasio na matumaini (1 Thes 4:13). Lakini na tusome vizuri. Paulo hakuwakataza Wakristo kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kana kwamba hakuna ufufuko. Kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili. Mwenye matumaini naye hulia. Hulia akiwa na matumaini. Tena wako watu ambao matumaini yenyewe yamefunikwa na ugonjwa, kama jua linavyofunikwa na wingu la masika. Jua halijaondoka mbinguni kwa sababu mtu wa chini halioni.

Ikiwa huzuni ni ukosefu wa imani, basi tuanze kuwafukuza watu wa Mungu katika Biblia. Tumfukuze Eliya, ambaye baada ya ushindi wake mkubwa mlimani Karmeli alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe (1 Fal 19). Tumfukuze Yeremia, aliyeilaani siku aliyozaliwa (Yer 20). Tumfukuze Ayubu. Tuing'oe Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kumalizika gizani, wala haina aya ya mwisho ya kufuta machozi. Na Kanisa limeiweka katika sala zake hivyo hivyo ilivyo. Mwishowe tutafika Gethsemane, na hapo tutamkuta Bwana mwenyewe akiwaambia wanafunzi watatu kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa (Mt 26:38). Nani kati yetu atamwendea pale bustanini amwambie kwamba imani yake ni haba?

Tuangalie pia namna Mungu alivyomjibu Eliya, kwa maana hapo ndipo mafundisho yetu yanapoaibika. Nabii aliomba kufa. Malaika hakumkemea. Hakumwambia aungame, wala hakumpa novena. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji, akamwacha alale tena. Akaja mara ya pili na chakula, akamwambia kwamba safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Ni baada ya kula, kunywa na kulala ndipo Eliya aliweza kutembea mpaka mlima wa Mungu na kuisikia sauti yake tulivu. Mungu alimwumba mwanadamu mwili na roho, naye anajua kwamba roho iliyochoka katika mwili uliochoka haisikii mahubiri.

Walimu wa Kanisa walilijua jambo hili zamani. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipouliza ni nini kinachopunguza huzuni, alitaja mambo matano: jambo la kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na tena usingizi na kuoga. Ndiyo, mwalimu mkuu wa teolojia aliweka usingizi na maji ya kuoga katika kitabu kimoja na mafumbo ya Utatu Mtakatifu. Kwake huruma ya marafiki ilikuwa dawa halisi, kwa maana mzigo unaoshikwa na wengi humlemea mmoja kidogo. Mtu wa Tunduru aliyekaa mkekani kwenye matanga haihitaji teolojia ya Ulaya ili aelewe jambo hilo.

Wapo watakaosema, "Hao walihuzunika kidogo tu, lakini hawakuwa wagonjwa wa akili." Basi tumtaje Louis Martin wa Ufaransa, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Mzee huyo alikuwa mcha Mungu tangu ujana wake. Akapatwa na ugonjwa uliompotezea kumbukumbu na utulivu wa akili, na mwezi wa Februari mwaka 1889 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Mnamo tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na mkewe Zélie. Yule ambaye katika baadhi ya vijiji vyetu angefungwa kamba na kuchekwa na watoto, leo anaombwa altareni. Binti yake Teresa naye aliishi miezi yake ya mwisho, mpaka kifo chake mwaka 1897, katika giza kubwa la moyo, na Kanisa likamfanya msimamizi wa misioni duniani kote. Je, tuseme kwamba hao nao hawakuwa na imani?

UONGO WA PILI: "HAYO NI MAPEPO, HAYANA DAWA"

Hatukani kwamba Shetani yupo. Kanisa linafundisha hivyo. Lakini Kanisa hilo hilo linatufundisha kutochanganya mambo. Mwinjili Mathayo anapowataja waliopelekwa kwa Yesu kutoka Siria yote, anawaorodhesha mbalimbali: wenye pepo, wenye kifafa, waliopooza (Mt 4:24). Kama mwandishi wa zamani zile aliweza kutenganisha, sisi tuna udhuru gani?

Tena Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inakataza mtu yeyote kumwondolea mwenzake pepo bila ruhusa maalumu na ya wazi ya Askofu, na Askofu humpa ruhusa hiyo padre mwenye ibada, elimu, busara na uadilifu wa maisha. Kwa hiyo mlei anayemshika mgonjwa kwa nguvu, akamkalia kifuani, akamnyima chakula siku tatu ili pepo atoke, hatendi kwa jina la Kanisa. Anavunja sheria ya Kanisa na anamwonea mtu asiyeweza kujitetea. Naye anayemwamuru mgonjwa atupe vidonge vyake ili aonyeshe kwamba anamwamini Mungu, anamjaribu Mungu kwa maisha ya mtu mwingine. Kitabu cha Yoshua bin Sira kinatuambia tumheshimu mganga kwa sababu Bwana ndiye aliyemwumba, na dawa zimetoka ardhini kwa mkono wake yeye. Kisha kinamwagiza mgonjwa kusali na kumpa mganga nafasi yake (Sira 38). Mwandishi hakuviona viwili hivyo kuwa maadui. Sisi tumeupata wapi uadui huo?

Na tuitazame habari ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi (Mk 5), ambayo hupendwa sana na wafungaji wa kamba. Ni nani aliyemfunga minyororo? Ni watu wa mji wake, nayo haikumsaidia kitu. Yesu hakumfunga. Yesu alimwuliza jina lake. Habari inamalizika mtu yule akiwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu, naye anatumwa arudi nyumbani kwa jamaa zake. Jina, nguo, na nyumba ya kurudia: hayo matatu ndiyo wagonjwa wetu wengi hunyimwa kwanza. Huitwa "kichaa" badala ya jina, huachwa na matambara, na nyumbani hujengewa kibanda cha pembeni. Tunaisoma Injili ile kila mwaka, kisha tunarudi kijijini kukaza minyororo.

Katika nchi yetu hii Mungu ametuonyesha mara nyingi kwamba kinachoitwa pepo kinaweza kuwa na dawa. Kule Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norwei aitwaye Louise Jilek-Aall aliwakuta wenye kifafa wakiogopwa na kutengwa kwa hofu kwamba ugonjwa huo huambukiza. Alianzisha kliniki kwa ajili yao katika misioni, akawapa vidonge vya bei nafuu, na wengi waliokuwa wakianguka motoni na mtoni wakarudi kulima na kulea watoto wao. Kabla ya hapo, wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walikuwa wameanzisha nyumba ya Lutindi, katika milima ya Usambara, kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 nyumba hiyo ilianza kuwatunza wagonjwa wa akili, nayo inawatunza mpaka leo. Serikali nayo ina hospitali ya Mirembe mjini Dodoma tangu mwaka 1927. Si kweli basi kwamba ugonjwa wa akili hauna tiba katika Tanzania. Tatizo ni kwamba wengi huifikia tiba wakiwa wamechelewa, baada ya mbuzi, mashamba na fedha zote kwisha kwa wale wanaojua mambo hayo.

Ugonjwa wa huzuni, ambao wataalamu huuita sonona, una dalili zake: huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili na zaidi, kukosa hamu ya mambo yote, usingizi kupotea au kuzidi, chakula kutopita, uchovu, kujiona huna thamani, na mawazo ya kufa. Tiba yake ni mazungumzo na mtu aliyefunzwa, dawa inapohitajika, na watu wa karibu wasiochoka. Dawa zake nyingi hazifanyi kazi siku ile ile. Huchukua majuma kadhaa, na zisiachwe ghafla bila shauri la mganga. Hilo peke yake, likijulikana na kila kiongozi wa jumuiya, lingewaokoa wengi ambao hutupa vidonge siku ya tano wakisema havifai.

UONGO WA TATU: "ALIYEJIUA TAYARI YUKO MOTONI"

Hapa tunaingia katika jambo zito, na tunaomba lisomwe kwa utulivu. Kanisa linafundisha kwamba uhai ni wa Mungu, nasi ni mawakili wake, si wenyewe. Kujiua ni kinyume cha amri ya Mungu. Fundisho hilo halijabadilika, wala hatuombi libadilike.

Lakini Kanisa hilo hilo, katika Katekisimu yake iliyotolewa mwaka 1992, namba 2282 na 2283, linafundisha kwamba ugonjwa mzito wa akili, mahangaiko na hofu kubwa ya mateso vinaweza kupunguza wajibu wa aliyejiua. Na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu hao, kwa kuwa Mungu ana njia anazozijua yeye za kuwapa nafasi ya kutubu. Kanisa linawaombea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa ikiwanyima maziko ya Kanisa wale waliojiua kwa kusudi. Sheria mpya, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983, haikuwataja tena katika orodha ya wanaonyimwa maziko hayo. Miaka zaidi ya arobaini imepita tangu hapo. Hata hivyo bado husikika mahali fulani kwamba jumuiya imekataa kwenda msibani, kwaya imekataa kuimba, na mjane ameachwa na marehemu wake kana kwamba yeye naye amekufa. Wanaotenda hivyo hudhani kwamba wanaitetea sheria ya Kanisa. Wanatetea sheria ambayo Kanisa lenyewe limekwisha kuiacha.

"Lakini," wanasema, "tukimzika kwa heshima, tutawafundisha wengine kujiua." Hoja hiyo tumeifikiri, na tunaona kwamba haina msingi. Mtu aliye ukingoni hafanyi hesabu ya kwaya itakayomwimbia. Anafikiri kwamba yeye ni mzigo, na kwamba hakuna wa kumsikiliza. Jumuiya inayomkataa marehemu inamthibitishia mgonjwa aliye hai kwamba ameona sawa: kwamba watu hao, akiwafungulia moyo, watamhukumu. Basi hunyamaza, na ukimya ndio unaoua. Heshima kwa marehemu haimaanishi kulisifu tendo lake. Tunamzika mwenye dhambi kila siku, maana hatujapata bado kumzika asiye na dhambi.

UONGO WA NNE: "HAYO SI MAMBO YA HAKI NA AMANI"

Tumeulizwa pia kwa nini Tume ya Haki na Amani inajishughulisha na machozi ya watu, badala ya ardhi, rushwa na uchaguzi. Jibu letu ni kwamba machozi mengi hutoka huko huko.

Mkulima analima shamba la mahindi miezi minne, na tembo wanalimaliza usiku mmoja. Mwingine amepeleka korosho zake ghalani, na fedha hazijaja wakati ada ya shule inadaiwa. Nani amesahau msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakangoja malipo yao miezi mingi? Kijana aliacha kwao tangu enzi za vito vya mto Muhuwesi katika miaka ya 1990, akitumaini utajiri; akazeeka mashimoni, akaona haya kurudi mikono mitupu. Mwanamke anapigwa nyumbani, na wazee wanamwambia avumilie. Ukimwambia kila mmoja wa hao kwamba shida yake ni upungufu wa sala, umemwibia mara mbili: umemnyima haki yake, kisha umemtwika lawama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, ulifundisha kwamba huzuni na mahangaiko ya watu wa leo, hasa maskini, ni huzuni na mahangaiko ya wafuasi wa Kristo pia. Basi kazi hii ni yetu.

Iko pia sheria ya nchi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa la jinai. Maana yake ni kwamba mtu aliyeokolewa kutoka mautini anaweza kuamka kitandani hospitalini na kumkuta askari. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, na Waingereza wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru. Wao wakaitupa, sisi tukaitunza. Bunge la Ghana lilifuta kosa hilo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria ya nchi hiyo kinapingana na Katiba. Nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayomtambua mgonjwa kuwa mgonjwa. Haiwezekani mtu yule yule awe mgonjwa mbele ya daktari na mhalifu mbele ya hakimu. Familia zikiogopa polisi, huficha. Na zikificha, mgonjwa hapati tiba, naye hujaribu tena.

Tuna haki pia ya kuuliza juu ya huduma. Barabara ya lami ilituunganisha na Songea na Masasi katika miaka ya 2010, nasi tunashukuru. Lakini kutoka Tunduru mpaka Songea ni zaidi ya kilometa 250, na nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, kwenda na kurudi kila mwezi, ni fedha ya chakula cha nyumba. Dawa za akili zinapaswa kupatikana karibu na watu, katika zahanati na vituo vya afya, kama vile dawa za malaria. Kulidai hilo kwa adabu, katika mikutano ya kijiji na mbele ya madiwani na mbunge, ni wajibu wa raia Mkristo.

YATUPASAYO KUTENDA

Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema. Walipomwona waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, wala hawakusema neno. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa kumweleza sababu za mateso yake. Na mwishoni Mungu alikasirika, si na Ayubu aliyelalamika, bali na wao waliomtetea Mungu kwa maneno yasiyo ya kweli (Ayu 42:7). Tuogope hukumu hiyo, sisi tunaopenda kueleza.

Basi tunapendekeza haya kwa kila jumuiya ndogo ndogo. Kwanza, msiba usio na jeneza nao utandikiwe mkeka. WAWATA, UWAKA na VIWAWA wapange zamu ya kumtembelea aliyelemewa, wampelekee chakula, wampalilie shamba, wakae naye bila haraka na bila mahubiri. Pili, anapozungumza juu ya kufa, asipuuzwe wala asikemewe. Aulizwe kwa upole na waziwazi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza mtu kama anafikiri kujiua hakumpandi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Tatu, dawa za kunyunyizia mikorosho zifungiwe mbali na vyumba vya kulala, kwa maana saa moja ya giza ikipita bila sumu kuwa karibu, maisha huokoka. Nne, mgonjwa asifungwe, asipigwe, asinyimwe chakula kwa jina la maombi. Tano, apewe Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa kama mgonjwa mwingine yeyote, na vidonge vyake vikae mezani pamoja na rozari yake. Sita, aliyejiua aombewe, na familia yake itembelewe zaidi ya familia nyingine, kwa kuwa msiba wao una kilio na aibu pamoja.

Nawe ndugu unayesoma maneno haya huku mwenyewe umo gizani: hukumkosea Mungu kwa kuhuzunika. Mwambie mtu mmoja leo. Kama wa kwanza hakukuelewa, mwambie wa pili. Nenda zahanati. Sala usiyoweza kuisali, tuachie sisi tukusalie. Ndiyo maana ya kuwa na jumuiya.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni nani ambaye hatujamwona Misa kwa miezi mitatu? Tulimwuliza nini mara ya mwisho tulipomwona?

2. Someni 1 Fal 19:1–8. Mkate na maji ya Eliya leo ni nini hapa kijijini kwetu, na ni nani atakayeyapeleka?

3. Je, tumewahi kukataa kwenda msibani kwa sababu ya namna mtu alivyokufa? Familia ile iko wapi sasa, na tutakwenda lini kuwaomba radhi?

4. Ni dawa gani za ugonjwa wa akili na kifafa zinazopatikana katika zahanati yetu? Nani atakwenda kuuliza, na atatuletea jibu siku gani?

Mama yule tuliyeanza naye bado yuko nyumbani kwake, nyuma ya mlango uliofungwa. Anaweza kuwa jirani yako wa pili. Kabla hamjafunga kikao cha jumuiya leo, chagueni watu wawili, wapeni kikapu, na waende. Wakifika, wasianze na sala. Waanze kwa kumwuliza kama amekula.

Amani ya Kristo iwe nanyi.